Kutoka Masango hadi Waya wa Tairi: Historia ya Ufundi wa Kukunja Waya Mgumu Tosamaganga na Nyanda za Juu Kusini

1. Utangulizi

Historia ya ufundi wa metali katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania imeandikwa zaidi kama historia ya moto. Wataalamu wameeleza matanuri ya Ufipa, wahunzi wa Ukinga na Upangwa waliofua majembe na mikuki, mivukuto yao, na miiko iliyomzunguka mhunzi alipokuwa kazini. Maelezo hayo yana thamani kubwa. Hata hivyo, aghalabu hukoma pale jembe la kiwandani lilipoingia sokoni, kana kwamba tangu hapo wenyeji hawakujifunza tena jambo lolote jipya kuhusu chuma.

Insha hii inajadili jambo moja lililokuja baadaye. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, vijana wa vijiji vya nyanda hizi, kama wenzao wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, walikuwa wakitengeneza magari madogo ya waya: malori, mabasi na matrekta yenye usukani unaogeuza magurudumu. Magari hayo huitwa vitu vya watoto, na kwa sababu hiyo hayakuhesabiwa kuwa sehemu ya historia ya ufundi. Hoja kuu ya insha hii ni kwamba ufundi huo ulihitaji ujuzi ambao mhunzi wa kale hakuuhitaji, na kwa namna fulani ulikuwa kinyume cha ujuzi wake. Mhunzi alikishinda chuma kwa moto. Waya mgumu wa kiwandani hauwezi kushindwa kwa moto bila kupoteza kile kilichoufanya utafutwe. Aliyeukunja alilazimika kuukunja ukiwa baridi, kwa kipimo, na kwa kuutambua ukaidi wake.

Tosamaganga imechaguliwa kwa sababu historia tatu zinakutana hapo. Kijiji kipo juu ya kilima, yapata kilomita 15 kutoka mjini Iringa, na jina lake wenyeji hulifafanua kuwa na maana ya kutupa mawe. Jirani yake ni Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa hadi ilipoangushwa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894. Kilimani penyewe ilijengwa misheni ya Kikatoliki iliyokuja na karakana na shule. Na si mbali na hapo inapita barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, ambayo ndiyo iliyoleta malighafi inayozungumziwa katika insha hii.

2. Waya kama mali na pambo

Waya si mgeni wa juzi katika nyanda hizi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ilibeba aina tatu kuu za bidhaa: nguo, shanga na waya wa shaba. Waya mnene wa shaba ya manjano ulijulikana kwa jina la masango. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya mwaka 1857 na 1859, aliutaja waya huo miongoni mwa mahitaji ya lazima ya msafara, akaeleza jinsi ulivyogeuzwa kuwa vitindi, yaani bangili za mzunguko zilizovaliwa mkononi. Waya mwembamba zaidi, udodi, ulizungushwa juu ya nywele za mkia wa mnyama ili kufanya vikuku, au ulivingirishwa kwenye mipini ya mikuki. Joseph Thomson alipopita Uhehe mwaka 1879 akielekea Ziwa Nyasa, alikuwa akipita katika nchi ambayo tayari ilikuwa imeungana na biashara hiyo.

Hata utengenezaji wa waya wenyewe haukuwa wa wageni peke yao. Wayeke, ambao asili yao ni Usumbwa na Unyamwezi na ambao walihamia Katanga pamoja na Msiri katikati ya karne ya 19, walijulikana kwa kuvuta waya wa shaba nyekundu kwa kuupitisha katika tundu la chombo cha chuma, kila mara tundu dogo zaidi, hadi ukawa mwembamba kama uzi. Kanuni ya kuvuta waya katika tundu ndiyo hiyohiyo inayotumika viwandani mpaka leo.

Jambo la kuzingatia ni tabia ya metali hiyo. Shaba ni laini. Ukiikunja hubaki pale ulipoiacha, na ikianza kuwa ngumu kwa kukunjwa mara nyingi, moto mdogo huirudishia ulaini wake. Waya wa namna hiyo unafaa kwa pambo, maana pambo linatakiwa kukaa kama lilivyopindwa. Haufai kwa kiungo cha mashine kinachosukuma na kuvuta, kwa sababu ukisukumwa hupinda.

Thamani ya waya kama pambo ilidumu hadi mwanzo wa ukoloni. Mfano unaojulikana sana unatoka Kenya, ambako Wanandi, katika miaka ya mapambano yao na Waingereza yaliyofikia kilele mwaka 1905, walichukua waya wa simu na vyuma vya Reli ya Uganda kwa ajili ya mapambo na silaha. Serikali iliuona uharibifu wa njia ya mawasiliano. Wanandi waliona malighafi iliyoning'inizwa juu ya nguzo. Tofauti hii ya mitazamo inafaa kukumbukwa, kwa kuwa itajirudia tutakapofika kwenye tairi.

3. Moto wa mhunzi na waya wa kiwandani

Mhunzi wa Nyanda za Juu Kusini aliijua lugha ya moto. Ufipa palikuwa na matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe. Baada ya hapo kazi ilihamia kwenye fuawe. Rangi ya chuma motoni ilimwambia mhunzi wakati wa kupiga nyundo, wakati wa kusubiri, na wakati wa kukitia maji ili makali yawe magumu. Ujuzi huo ulikuwa wa watu maalumu. Ulirithiwa, ulilindwa kwa miiko, na aghalabu ulimpa mwenye nao hadhi na hofu kwa pamoja.

Wakati huohuo, huko Uingereza, ilikuwa ikitengenezwa aina nyingine kabisa ya chuma. Mwaka 1854 James Horsfall wa Birmingham aligundua namna ya kuandaa waya wa feleji, yaani chuma chenye kaboni, kwa kuupasha na kuupoza kwa utaratibu maalumu kabla ya kuuvuta. Waya huo ulitumika katika piano, na mwaka 1866 waya wa kampuni yake ulitumika kuifunika kebo ya simu iliyopitishwa chini ya bahari ya Atlantiki. Nguvu ya waya wa namna hiyo hutokana na kuvutwa ukiwa baridi. Kila unapopita tunduni, chembechembe za ndani hunyooshwa na kubanwa, na waya huwa mwembamba zaidi lakini mgumu zaidi. Waya wa piano, springi, spoku za baiskeli na nyaya za ndani ya tairi ni ndugu wa ukoo huo, ingawa hazilingani kwa ugumu.

Hapa ndipo ujuzi wa mhunzi unapogeuka kuwa hatari. Ugumu ulioingizwa kwa kuvuta hauwezi kurudishwa kwa nyundo. Waya huo ukitiwa motoni hadi ukawa mwekundu, kisha ukaachwa upoe taratibu, hulainika na kubaki hivyo. Ukipozwa ghafla kwa maji huwa mgumu, lakini huvunjika kama kijiti kikavu. Katika hali zote mbili ule unyumbufu wa awali, yaani uwezo wa kupinda kidogo na kurudi, hupotea. Mhunzi angeweza kuutengeneza upya kuwa kitu kingine, lakini si kuwa waya uleule.

4. Misheni, karakana na shule ya ufundi

Baada ya kuanguka kwa Kalenga, Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Ujerumani walijenga misheni Tosamaganga katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mkwawa mwenyewe alikufa mwezi Julai 1898, na eneo lote likawa chini ya utawala wa Kijerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa wamisionari hao, na nafasi yao ikachukuliwa na Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia. Mwaka 1922 Iringa ikafanywa jimbo la kitume linalojitegemea.

Misheni za aina hii hazikujengwa kwa mahubiri tu. Zilihitaji milango, bawaba, paa, mikokoteni, pampu na mashine za kusaga, na mabruda waliokuwa mafundi walifanya kazi hizo pamoja na vijana wa Kiafrika. Katika karakana za namna hiyo wenyeji walikutana na jiliwa, tupa, keekee na rula. Vifaa hivi vinaonekana vya kawaida leo, lakini vilibeba wazo lililokuwa jipya kwa kiasi fulani: kwamba kipande cha chuma kinaweza kutengenezwa kwa kipimo kilichoandikwa kabla ya kazi kuanza, na vipande viwili vilivyotengenezwa mbalimbali vikaingiana.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mawazo yake kuhusu elimu ya mikono. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu iliyofungamana na maisha ya kijijini, kilimo na kazi za mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilianzishwa shule ya ufundi Ifunda, kusini-magharibi mwa mji wa Iringa, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vijana kutoka sehemu mbalimbali za Tanganyika walifundishwa huko useremala, uashi, ufundi wa metali na mengineyo.

Hata hivyo, shule ya ufundi ilichukua wachache, na karakana ya misheni ilikuwa na mlango unaofungwa jioni. Ufundi wa waya haukusubiri milango hiyo ifunguliwe. Vijana wa vijijini waliwaona mafundi, wakaona magari ya misheni na ya serikali, wakaona breki za fito za baiskeli, ambazo zilikuwa darasa lililo wazi kwa kila mwenye macho. Katika baiskeli ya aina hiyo, mkono wa breki unapobanwa, fito nyembamba za chuma huvuta nyingine kupitia viungo, na mwisho wa safari mpira hugusa ukingo wa gurudumu. Mtoto aliyechuchumaa kando ya baiskeli ya baba yake aliweza kuufuata mwendo huo kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kufungua kitu.

5. Barabara ya Zambia na ujio wa waya wa tairi

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru kinyume cha matakwa ya Uingereza na ya Waafrika walio wengi. Zambia, iliyopata uhuru mwaka mmoja tu kabla ya hapo, ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini. Mafuta na bidhaa vikaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma, na malori yalirudi pwani na shaba. Barabara wakati huo ilikuwa ya vumbi na matope kwa sehemu kubwa, na ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba wasafirishaji waliifananisha na jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, reli ya TAZARA ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na barabara yenyewe ikatiwa lami. Malori hayakupungua kiasi cha kusahaulika. Tangu wakati huo barabara hiyo haijawahi kulala.

Lori husafiri kwa tairi, na tairi huchakaa. Tairi lina chuma ndani yake. Tangu Charles Kingston Welch alipopata hati ya uvumbuzi mwaka 1890, ukingo wa tairi unaoshika rimu umekuwa ukifungwa kwa waya, na baada ya Michelin kuleta tairi la radiali mwaka 1946, nyuzi za feleji zilienea pia chini ya sehemu inayokanyaga ardhi. Waya wa ukingoni kwa kawaida una unene unaokaribia milimita moja, umevutwa ukiwa baridi, na ni mgumu sana. Ili mpira uushike vizuri, hupakwa tabaka jembamba lenye shaba, na ndiyo maana waya huo ukitoka tu ndani ya mpira hung'aa kwa rangi ya manjano.

Rangi hiyo inastahili kutajwa katika historia ya mahali hapa. Kwa macho, waya wa tairi unafanana na udodi wa karne ya 19. Kwa mkono, haufanani nao hata kidogo. Aliyetarajia metali inayotii alikutana na metali inayorudi ilikotoka. Umanjano ulikuwa wa juu juu, na chini yake palikuwa na kitu ambacho babu zake hawakuwahi kukikunja.

Njia rahisi ya kuutoa waya huo ni kuchoma tairi. Mpira huteketea, na waya hubaki majivuni. Lakini moto huo hufanya hasa kile kilichoelezwa katika sehemu ya tatu: hulainisha. Waya uliochomwa huwa mweusi na mnyonge. Unafaa kufungia uzio au kuunganishia vipande viwili, lakini haufai kuwa ufito wa usukani, kwa kuwa ukiusukuma hupinda katikati. Anayetaka waya mgumu hana budi kuupasua mpira kwa kisu na kuzitoa nyaya moja baada ya nyingine, kazi ya kutwa nzima inayochubua vidole. Kwa hiyo tairi moja lilitoa aina mbili za malighafi, na tofauti kati yake ilikuwa moto. Mtoto aliyejua kuchagua kati ya waya uliochomwa na waya uliochunwa alikuwa amefahamu jambo la msingi katika sayansi ya metali, hata kama hakuwa na jina la kuliitia.

6. Namna ya kuukunja

Ufundi wenyewe unaweza kuelezwa kwa kanuni chache. Ya kwanza ni kwamba waya mgumu hurudi. Ukiupinda hadi pembe mraba kisha ukauachia, hufunguka kidogo. Kadiri waya ulivyo mgumu ndivyo unavyorudi zaidi. Fundi hulazimika kuupinda kupita pale anapotaka, ili ukirudi usimame mahali pake. Kiasi cha kupitisha hakijulikani kwa kutazama. Hujulikana kwa kujaribu kwenye kipande cha waya uleule, kwa kuwa waya wa tairi moja haulingani daima na wa tairi jingine.

Kanuni ya pili ni kwamba kona kali huvunja. Upande wa nje wa kona hunyooshwa na upande wa ndani hubanwa, na waya uliokwisha kuvutwa kiwandani umebakiwa na nafasi ndogo ya kunyooka zaidi. Hivyo haufai kupindwa juu ya ncha ya chuma iliyo kali kama kisu. Huzungushwa kwenye kitu cha mviringo: msumari mnene kwa kitanzi kidogo, boliti kwa kitanzi kikubwa. Mkwaruzo wa plaizi mahali pa kona ni mwanzo wa ufa. Kona iliyokosewa nayo hairekebishwi mara nyingi, kwa sababu waya mgumu ukifunguliwa na kukunjwa tena huchoka na kukatika.

Udhaifu huo una faida yake wakati wa kukata. Plaizi ya bei nafuu huharibika meno ikilazimishwa kukata feleji. Fundi huukwaruza waya kwa ukingo wa tupa mpaka kipatikane kijifereji, kisha huupinda hapo, nao hukatika mara moja. Kipande kilichokatika huweza kuruka kwa kasi kuelekea usoni, hivyo mwenye busara hukifunika kwa kiganja au kwa kitambaa kabla ya kukivunja.

Kanuni ya tatu inahusu urefu. Ufito unaounganisha sehemu mbili haupimwi kutoka ncha hadi ncha. Hupimwa kutoka tundu hadi tundu, na kila kona hula sehemu ya waya. Anayekunja ncha zote mbili kwa kukadiria hujikuta na ufito mrefu au mfupi kwa milimita chache, na milimita hizo zinatosha kuyafanya magurudumu yatazame upande. Dawa ni kukunja ncha moja kwanza, kuitia mahali pake, kuyanyoosha magurudumu, kutia alama kwenye tundu la pili, ndipo kukunja. Ncha hukunjwa mara mbili kwa pande zinazopingana, mfano wa herufi Z, ili iingie tunduni na isitoke bila nati wala gundi. Na kama baada ya yote kosa limebaki, katikati ya ufito huwekwa kona pana mfano wa herufi V. Ikibanwa, ufito hufupika. Ikifunguliwa, hurefuka. Watengenezaji wa vielelezo vya ndege huko Ulaya na Marekani hutumia njia hiyohiyo katika fito zinazoendesha mabawa madogo ya mkiani, nao huzitengeneza kwa waya wa piano.

7. Mifumo miwili ya usukani

Ujuzi huo unaonekana vizuri zaidi katika usukani wa gari la waya. Mtengenezaji husimama nyuma ya gari lake na kuliendesha kwa ufito mrefu unaofika kiunoni au kifuani, wenye duara la usukani juu. Chini, mzunguko wa mikono yake hauna budi kugeuzwa kuwa mwendo wa magurudumu ya mbele, ambayo mara nyingi ni vizibo, vifuniko vya makopo, au duara zilizokatwa kutoka kwenye kandambili zilizochakaa.

Kuna mifumo miwili. Wa kwanza ni rahisi: ekseli nzima ya mbele huzunguka kwenye mhimili mmoja wa katikati. Huu ni mfumo wa mkokoteni wa kuvutwa na wanyama, na kwa karne nyingi ndio uliotumika katika magari ya farasi ya Ulaya. Udhaifu wake ni kwamba katika kona kali gari huegemea upande na kupinduka. Mfumo wa pili una vipini viwili vya wima, kimoja kwa kila gurudumu, vinavyounganishwa na ufito wa kukingama ambao mafundi wa magari huuita tairodi. Mfumo huu ulibuniwa na Georg Lankensperger wa Munich, na Rudolph Ackermann akauandikishia hati ya uvumbuzi London mwaka 1818. Ndio uliokuja kutumika katika magari ya injini, likiwemo kila lori lililopita Iringa.

Mfumo wa kwanza unaweza kutengenezwa kwa waya laini. Wa pili hauwezekani kwa waya laini, kwa sababu tairodi husukumwa na kuvutwa kwa zamu, na waya laini unaposukumwa hujikunja kabla ya gurudumu kugeuka. Kijana aliyehama kutoka mfumo wa kwanza kwenda wa pili alikuwa amevuka hatua ambayo watengenezaji wa magari ya farasi waliivuka kwa ugomvi mkubwa. Hakuivuka kwa kusoma. Aliivuka kwa kulala chini ya lori lililosimama kando ya barabara, kutazama, na kurudi nyumbani na waya aliouchuna mwenyewe. Kwamba jambo hili lilienea nje ya mipaka ya Tanzania huonekana hata katika vitabu vya watoto: kitabu *Galimoto* cha Karen Lynn Williams, kilichotoka mwaka 1990, kinamhusu mtoto wa Malawi, jirani wa Mbeya, anayetafuta nyaya kijijini ili atengeneze gari lake.

8. Ujuzi usiohesabiwa

Mwaka 1967 Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea. Sera hiyo ilikosoa elimu iliyomtenga mtoto na kazi za jamii yake, ikataka shule ziwe na mashamba na karakana. Shabaha yake ilikuwa njema. Lakini katika shule nyingi kujitegemea kulimaanisha jembe, na karakana ilimaanisha vifaa ambavyo havikupatikana. Ujuzi ambao watoto walikuja nao mifukoni haukuonekana kuwa ni kujitegemea.

Mwandishi wa insha hii anakumbuka asubuhi moja katika shule ya msingi mkoani Iringa, ambapo magari ya waya ya wanafunzi yalikusanywa na kutupwa kwenye shimo la takataka kwa hoja kwamba shule si mahali pa michezo. Wiki hiyohiyo darasa lilifundishwa mashine rahisi: nyenzo, roda na gurudumu na ekseli, zikiwa zimechorwa ubaoni kwa chaki. Wanafunzi walinakili michoro. Hakuna aliyeambiwa kwamba alikuwa ameshaitengeneza mashine ya namna hiyo, na kwamba ilikuwa shimoni nyuma ya darasa. Kisa hiki hakitajwi ili kumlaumu mtu. Mwalimu alifuata desturi ya wakati wake, na desturi hiyo ilitokana na imani kwamba ujuzi hutoka kwenye kitabu kwenda kwa mtoto, haurudi.

Kuna sababu nyingine ya ufundi huu kusahaulika. Mhunzi aliacha tanuri, na mwanaakiolojia analipata. Karakana ya misheni iliacha daftari. Gari la waya halikuacha kitu: lilipochakaa lilivunjwa, na waya wake ukaingia katika gari jingine. Tena lilikuwa wazi kwa kila mvulana, halikuwa na miiko wala ukoo maalumu, na kitu kisicholindwa kwa siri huonekana hakina thamani. Hapa pana mabadiliko makubwa ya kijamii ambayo historia haijayapa uzito. Ujuzi wa chuma, uliokuwa wa ukoo wa wahunzi wazima, ulihamia kwa watoto wachungaji. Haukuwa wa wote kwa usawa, maana wasichana waliachwa nje yake kama walivyoachwa nje ya uhunzi. Hata hivyo mlango ulikuwa mpana kuliko ule wa fuawe, na mpana kuliko ule wa shule ya ufundi.

9. Hitimisho

Insha hii imefuatilia safari ya waya katika eneo moja: kutoka masango ya misafara, yaliyokuwa laini na yaliyovaliwa, hadi waya wa tairi, mgumu na unaosukuma. Imeonyesha kwamba mabadiliko hayo hayakuwa ya malighafi peke yake. Metali mpya ilidai akili mpya. Mahali pa rangi ya moto pakaja kipimo, na mahali pa nyundo pakaja subira ya kupitisha kona ili irudi mahali pake. Akili hiyo ilikua bila mwalimu na bila cheti, pembezoni mwa barabara iliyotokana na siasa za ukombozi wa kusini mwa Afrika.

Siku hizi magari ya plastiki yaliyotengenezwa nje yanauzwa hadi kwenye magenge ya vijijini, na tairi kuukuu zina wanunuzi wengine. Watu wazima wanaojua kuchuna tairi na kukunja tairodi ya waya wangali hai, na wengi wao ni makanika, mafundi baiskeli na waendesha malori. Makumbusho ya Kalenga yanahifadhi fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, pamoja na silaha za zama zake, na boma la Kijerumani mjini Iringa limegeuzwa kuwa makumbusho ya mkoa. Pendekezo la insha hii ni dogo na lenye gharama ndogo: mafundi hao waombwe kutengeneza lori moja la waya lenye usukani wa vipini viwili, waeleze kila kona waliyoikunja na sababu yake, na maelezo yao yaandikwe kwa maneno wanayoyatumia wenyewe. Kazi hiyo ifanywe wangali na nguvu za vidole, maana waya huu haukunjwi kwa maneno.